Reddit: Huduma Inayolinda Vyumba Kuliko Watu

Huduma ya majadiliano mtandaoni humjua vizuri zaidi yule anayeshambuliwa humo kuliko yule anayeburudika. Anayeburudika huona mada motomoto, vichekesho na majibu ya haraka. Anayeshambuliwa ndiye hugundua ni kitufe kipi kinafanya kazi na kipi kimewekwa ili kumtuliza tu. Katika uhakiki huu ninaipima Reddit kwa jicho la huyu wa pili, na mtu ninayemweka akilini ni mwanamke anayeongoza kampuni au taasisi: jina lake linajulikana, maamuzi yake huwaudhi watu wengi kwa wakati mmoja, na hawezi kujificha kwa sababu kujitokeza ni sehemu ya kazi yake. Kipimo hiki ni kigumu lakini si cha kubuni, maana mwanamke wa aina hiyo aliwahi kukalia kiti cha juu kabisa cha Reddit yenyewe.

Reddit ilianzishwa nchini Marekani mwaka 2005 na Steve Huffman na Alexis Ohanian, na tangu mwaka 2008 mtumiaji yeyote anaweza kufungua jumuiya yake kuhusu jambo lolote linalomvutia. Siku hizi hutumiwa na watu zaidi ya milioni 100 kwa siku. Kila jumuiya ina wasimamizi wa kujitolea, wasiolipwa, ambao huandika kanuni, hufuta machapisho, hufunga mijadala na kuwatimua wakorofi. Juu yao wako wafanyakazi wa kampuni, wanaoshika sera ya jumla, na ni hao tu wenye uwezo wa kufungia akaunti katika huduma nzima au kuifunga jumuiya yenyewe. Ni jumba kubwa la kupanga: kila chumba kina mwenye ufunguo wake, lakini korido ni za mwenye jumba.

Ndani ya chumba, kazi hufanyika vizuri. Programu iitwayo AutoModerator, iliyoanza kama kazi ya mtumiaji mmoja kabla ya kampuni kuiingiza rasmi katika mfumo wake mwaka 2015, humwezesha msimamizi kuagiza kwamba akaunti iliyofunguliwa jana, au yenye alama chache, au inayotumia maneno fulani, isichapishe kitu mpaka binadamu akikague. Ipo foleni ya ukaguzi iliyopangwa vyema. Ipo njia ya kumfukuza mtu kwa siku kadhaa au kwa kudumu. Kipo kichujio cha kuwatambua wanaorudi kwa akaunti mpya baada ya kufukuzwa. Na tangu mwaka 2024 kimeongezwa kichujio cha unyanyasaji kinachotumia modeli kubwa ya lugha, yaani akili bandia iliyofunzwa kwa maandishi mengi. Kipo pia chombo kinachokunja maoni ya watu wasio wenyeji wa jumuiya pale mjadala unapovamiwa ghafla. Sehemu hii ninaisifu bila kusita. Ni vigumu kutaja jukwaa jingine la ukubwa huu linalowakabidhi watu wa kawaida mamlaka mapana kiasi hicho juu ya mazungumzo yao wenyewe, na jumuiya yenye wasimamizi makini, iwe ya wanahistoria au ya wanawake wahandisi, hufikia utulivu ambao mitandao inayotegemea mashine na ofisi ya mbali haiufikii.

Tatizo ni kwamba mwanamke mtendaji hashambuliwi ndani ya chumba anachokisimamia. Hushambuliwa katika vyumba mia ambavyo vingi hajawahi kuviingia, na katika ujumbe wa faragha ambao hakuna msimamizi wa kujitolea anayeweza kuuona.

Ellen Pao alishika uongozi wa Reddit, kama mtendaji mkuu wa mpito, mnamo Novemba 2014 baada ya Yishan Wong kujiuzulu. Urithi aliokabidhiwa haukuwa safi. Miezi miwili kabla yake, picha za utupu zilizoibwa kutoka katika akaunti za wanawake mashuhuri zilikuwa zimesambazwa kupitia jumuiya moja ya Reddit, na Wong alikuwa ametetea hadharani msimamo kwamba kila mtu anawajibika kwa nafsi yake, ingawa jumuiya hiyo hatimaye ilifungwa. Chini ya Pao mambo yalichukua mkondo mwingine. Februari 2015 Reddit ilipiga marufuku picha za faragha zinazowekwa bila ridhaa ya mhusika. Mei ikatangaza sera dhidi ya unyanyasaji. Na tarehe 10 Juni ikafunga jumuiya tano, kubwa zaidi ikiwa ile iliyojengwa juu ya kuwadhihaki watu wanene, iliyokuwa na wanachama takriban 150,000. Katikati ya hayo, mwezi Machi, Pao alikuwa ameshindwa katika kesi ya ubaguzi wa kijinsia aliyoifungua dhidi ya kampuni ya uwekezaji ya Kleiner Perkins alikowahi kufanya kazi, hivyo waliomchukia walikuwa na masimulizi yaliyokwisha kupikwa: mwanamke mlalamishi amekuja kufunga midomo ya watu huru.

Kilichofuata kinaeleza mengi kuhusu huduma yenyewe. Waliofungiwa jumuiya walifungua nyingine papo hapo. Ukurasa wa mbele, ambao ndio mlango wa Reddit, ulijaa machapisho ya kumtukana mtendaji mkuu kwa jinsia yake na kwa asili yake ya Kiasia, na ya kumfananisha na madikteta. Hakuna hitilafu yoyote iliyoleta hali hiyo. Mashine ilifanya kazi kama ilivyoundwa. Kura ndizo zinazopandisha chapisho, na kundi lililokasirika hupiga kura nyingi na haraka kuliko umma uliotulia. Upande wa pili wa mashine hiyohiyo ulikuwa mbaya zaidi kwake: maoni yanayopigiwa kura nyingi za kushushwa hukunjwa yasionekane mpaka msomaji aamue kuyafungua, kwa hiyo majibu ya Pao mwenyewe katika huduma aliyoiongoza yalizikwa na watu walewale aliokuwa akiwajibu. Kura ya chini ilikusudiwa kuondoa upuuzi na matangazo. Ikikabidhiwa kwa umati wenye kinyongo, hugeuka kuwa njia ya kumnyima mtu haki ya kusikika bila kuvunja kanuni hata moja.

Haki inanitaka niseme pia kwamba si kila aliyempinga alikuwa mnyanyasaji. Tarehe 2 Julai 2015 kampuni ilimwachisha kazi Victoria Taylor, mfanyakazi aliyekuwa akiratibu mahojiano ya wazi na watu mashuhuri na ambaye wasimamizi wengi wa kujitolea walimtegemea kama mtu wao ndani ya kampuni. Hawakuarifiwa mapema wala hawakuandaliwa mbadala. Jumuiya nyingi kubwa zilijifunga kwa kupinga, na malalamiko yao yalikuwa ya kweli: miaka mingi ya ahadi za vyombo bora vya kazi ambazo hazikutimizwa, na dharau ya kampuni kwa watu wanaoiendesha bila malipo. Pao aliomba radhi hadharani. Ombi la kumtaka ajiuzulu lilizidi sahihi 200,000, na tarehe 10 Julai akaondoka, akieleza kwamba bodi ilitaka ukuaji wa haraka kuliko alioamini unawezekana bila kuitupa misingi ya kazi yake. Baadaye Wong alieleza hadharani kwamba uamuzi wa kumwondoa Taylor ulikuwa wa Ohanian. Kwa wakati huo uso wa lawama ulikuwa mmoja tu, na ulikuwa wa mwanamke.

Watafiti Michelle Ryan na Alexander Haslam wa Chuo Kikuu cha Exeter walionyesha mwaka 2005 kwamba wanawake huelekea kuteuliwa katika nafasi za juu wakati kampuni tayari iko mashakani, yaani pale ambapo uwezekano wa kuanguka ni mkubwa. Sidai kwamba kisa cha Pao kinathibitisha nadharia hiyo peke yake, ila mtu anayesoma tarehe nilizotaja hapo juu kwa mfuatano ataona jinsi mtu wa mpito alivyokabidhiwa usafi ambao waliomtangulia waliuahirisha.

Sasa linganisha na mrithi wake. Steve Huffman, mwanzilishi mwenza aliyerudi kuongoza siku ileile Pao alipoondoka, naye alitukanwa sana katika jumuiya mojawapo ya kisiasa. Novemba 2016 alikiri kwamba alikuwa ameingia katika mfumo na kuyabadilisha maoni ya watumiaji waliomtukana, akaliondoa jina lake na kuweka majina ya wasimamizi wa jumuiya hiyo. Aliomba radhi, naye akaendelea na kazi. Mwaka 2023 alikabiliwa na uasi mkubwa kuliko ule wa 2015, wakati jumuiya zaidi ya 8,000 zilipojifunga kuanzia tarehe 12 Juni kupinga ada mpya zilizoua programu za kusomea Reddit zilizotengenezwa na watu wa nje, kama Apollo. Alishikilia msimamo wake, na Machi 2024 akaipeleka kampuni katika soko la hisa la New York kwa bei ya dola 34 kwa hisa. Najua mwanzilishi na mtu wa mpito hawana nguvu sawa mbele ya bodi, kwa hiyo si ulinganisho wa kitafiti. Ninachokiona hapo kuhusu huduma ni hiki: mtendaji mkuu mwenyewe, aliposhambuliwa, hakupata katika Reddit chombo halali cha kujikinga. Mmoja alivumilia mpaka akaondoka. Mwingine akashika nyaya za ndani za mfumo kwa namna iliyoharibu imani. Ikiwa walioshika funguo zote za jumba walifika hapo, mkurugenzi wa benki au rekta wa chuo kikuu mwenye akaunti ya kawaida atapata nini?

Atapata kitufe cha kuripoti na kitufe cha kuzuia. Cha kuripoti kina orodha nzuri ya makosa: unyanyasaji, vitisho vya vurugu, chuki, kufichua taarifa binafsi, picha za faragha zisizo na ridhaa. Udhaifu wake uko katika kipimo kinachotumika, kwa kuwa hukagua chapisho moja baada ya jingine. Lakini unyanyasaji wa mwanamke aliye kileleni mara nyingi haukai katika chapisho moja. Mtu mmoja akiandika kwamba sauti ya mkurugenzi inamkera, hilo ni neno la kipuuzi ambalo hakuna msimamizi atakayelifuta, na pengine hapaswi kulifuta. Wakiandika hivyo watu elfu nne kwa usiku mmoja, wengine wakiongeza picha yake iliyohaririwa, wengine wakiuliza watoto wake wanasoma wapi, kimezaliwa kitu ambacho hakimo katika fomu yoyote. Kila mkaguzi anayepokea kipande chake atajibu kwa ukweli mtupu kwamba kipande hicho hakijavunja sera. Na ikiwa mlengwa hana hata akaunti, kama ilivyo kwa wengi wa cheo hicho, jambo hilo linaendelea kumhusu pasipo yeye kuwa na nafasi yoyote ndani ya chumba linamozungumziwa.

Si Reddit peke yake yenye upofu huo. Aprili 2022 Elon Musk, aliyekuwa amekwisha kukubaliana kuinunua Twitter, alikosoa hadharani uamuzi wa Vijaya Gadde, mwanasheria mkuu na msimamizi wa sera wa kampuni hiyo, na mara moja mwanamke huyo akamiminiwa matusi, yakiwemo ya rangi na asili. Ukosoaji wa kwanza haukuwa tusi. Uzito ulitokana na ukubwa wa akaunti iliyonyoosha kidole. Katika Reddit kidole hicho hunyooshwa na kura badala ya mtu mashuhuri, jambo linalofanya iwe vigumu zaidi kumpata wa kumwajibisha.

Kuhusu kitufe cha kuzuia, nina habari njema kidogo. Kwa miaka mingi kumzuia mtu katika Reddit kulimaanisha tu kwamba wewe humwoni. Yeye aliendelea kukusoma, kukujibu na kuwakusanya wenzake chini ya maneno yako. Januari 2022 hilo lilibadilishwa, na aliyezuiwa sasa haoni machapisho ya aliyemzuia. Wasimamizi walilalamika, na hawakukosea, kwamba mbinu hiyo inaweza kutumiwa na waongo kuwaondoa wanaowasahihisha kwenye mjadala. Hata hivyo, ukizingatia kwamba X, iliyokuwa Twitter, ilielekea upande wa pili Novemba 2024 kwa kuwaruhusu waliozuiwa waendelee kusoma machapisho ya wazi ya waliowazuia, Reddit inastahili kuhesabiwa ilifanya uamuzi bora. Bluesky, mtandao mwingine wa kijamii, imekwenda mbali zaidi: tangu Agosti 2024 mtumiaji anaweza kulitenga chapisho lake na nukuu ya mtu anayelitembeza kwa kejeli, na kuzuia huko hukata mazungumzo kwa wasomaji wote. Reddit haina kitu kinacholingana na hicho. Chapisho lako likiunganishwa katika jumuiya yenye uhasama, huna namna ya kulichomoa humo ila kulifuta kabisa.

Chombo kinachofanya kazi kwa uhakika zaidi ni kile ambacho mlengwa hana uwezo wa kukigusa, nacho ni kufunga jumuiya. Wakati wa vurugu za 2015 wengi walitabiri kwamba wachokozi waliofukuzwa wangesambaa na kuchafua jumba zima. Utafiti wa Taasisi ya Teknolojia ya Georgia uliochapishwa mwaka 2017 uliwafuatilia watumiaji wa jumuiya ya kuwadhihaki wanene na ya nyingine ya ubaguzi wa rangi iliyofungwa Agosti 2015, ukakuta kwamba wengi kuliko ilivyotarajiwa waliiacha huduma hiyo, na waliobaki walipunguza matumizi ya lugha ya chuki kwa asilimia 80 au zaidi. Jumuiya walizohamia hazikuonyesha ongezeko la maana. Kwa maneno mengine, hatua iliyomgharimu Pao kiti chake ilikuwa sahihi hata kwa kipimo cha biashara, na kampuni iliyomwacha aondoke imeirudia mara kadhaa. Juni 2020, ilipopanua sera yake dhidi ya chuki, ilifunga jumuiya zipatazo 2,000 kwa mkupuo mmoja, ikiwemo ile iliyomtukana Huffman.

Kwa nini basi chombo hicho hutumika kwa kuchelewa? Jibu langu liko kwenye fedha na sheria. Kifungu cha 230 cha sheria ya mawasiliano ya Marekani ya mwaka 1996 hukinga kampuni dhidi ya mashtaka kwa yale yanayoandikwa na watumiaji, na wakati huohuo huipa uhuru wa kuondoa inachotaka. Hivyo kuchelewa hakuna gharama mahakamani, ilhali kufunga kuna gharama ya kelele na ya watumiaji wanaoondoka. Mabadiliko yameanza pembeni. Sheria ya Huduma za Kidijitali ya Umoja wa Ulaya, inayotumika kikamilifu tangu Februari 2024, hudai kampuni zieleze sababu za maamuzi yake na kumpa mtumiaji njia ya kukata rufaa, na sheria ya Marekani iliyosainiwa Mei 2025 huzitaka huduma ziondoe picha za faragha zisizo na ridhaa, zikiwemo zilizotengenezwa na kompyuta, ndani ya saa 48 baada ya kuarifiwa. Kwa mwanamke mtendaji, ambaye uso wake uko katika kila taarifa ya mwaka na kila video ya mkutano, hiyo ya pili ina maana kubwa kuliko kanuni nyingi za ndani.

Kuhusu watu wanaoifanya kazi hiyo kila siku, utafiti wa mwaka 2022 ulioongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Northwestern ulikadiria kwamba kazi ya wasimamizi wa kujitolea wa Reddit ina thamani ya angalau dola milioni 3.4 kwa mwaka. Wakati wa kuuza hisa, kampuni iliwapa baadhi yao nafasi ya kuzinunua kwa bei ya kuanzia, jambo la heshima kiasi, ingawa kumruhusu mtu anunue si kumlipa. Ninalitaja hapa kwa sababu linagusa ubora wa huduma: msimamizi asiyelipwa hulinda anachokipenda, nacho ni mada yake na wenyeji wake. Hana sababu ya kumlinda mgeni anayesemwa, hasa mgeni mwenye mshahara mkubwa na cheo, ambaye wenyeji wote wanaona kwamba anastahili kusemwa. Kumdai afanye hivyo ni kumwongezea kazi ambayo kampuni inayopata faida ndiyo ilipaswa kuajiri watu waifanye.

Nikimshauri mwanamke mwenye cheo ambaye shirika lake linataka afanye mahojiano ya wazi humo, nitamwambia akubali kwa masharti: jumuiya iwe na wasimamizi wanaojulikana kwa ukali, akaunti changa zizuiwe siku hiyo, mtu mwingine na siyo yeye ndiye asome na kuhifadhi ushahidi wa ujumbe wa faragha, na arifa za kutajwa jina zizimwe kabla mjadala haujaanza. Kwa anayetaka tu kusoma na kuuliza mambo ya taaluma yake kwa jina lisilo lake, Reddit ni huduma nzuri sana, na pengine hakuna bora kuliko hiyo. Kwa anayetarajia kuitumia kama ofisi ya malalamiko wakati umati umekwisha kukusanyika dhidi yake, alama ninayoipa ni mbili kati ya tano.

Liko badiliko la karibuni ambalo bado linanigawa. Tangu mwaka 2025 mtumiaji anaweza kuficha machapisho na maoni yake ya zamani yasionekane kwenye ukurasa wake. Kwa mwanamke anayefuatiliwa na mtu anayechambua kila alichowahi kuandika ili apate pa kumshika, hilo ni afueni ya kweli. Ila mfuatiliaji naye hupata pazia hilohilo, na ule mtindo wa chuki ambao zamani ungeonekana kwa kubofya jina lake sasa hauonekani. Kampuni ilimwachia msimamizi uwezo wa kuona historia ya anayechapisha katika jumuiya yake, anayelengwa hakuachiwa.